Logidramu na sabu: kila moja peke yake ni nene, zikipigwa pamoja F na G zinapotea. Nini kinakula besi?

Besi_Mbagala

Wakuu, habari za kazi. Nina biti ya amapiano ya 112 BPM (mapigo kwa dakika), F maina, ndani ya FL Studio, programu ya kutengeneza muziki. Besi ina matabaka mawili. La juu ni logidramu, ile besi ya kugonga ya amapiano: sampo (sauti iliyorekodiwa) ya WAV iliyopakiwa kwenye sampla, chombo kinachoicheza kwa noti tofauti. La chini ni sabu (besi ya chini kabisa) ya 3xOsc, sintesaiza ya FL: osileta (kizalisha wimbi) moja ya wimbi la saini, mbili nimezizima, ataki (muda wa sauti kupanda mwanzoni) sifuri. Noti ni zilezile, nimezinakili kutoka chaneli moja kwenda nyingine, ila za sabu nimezichelewesha tiki mbili ili lile "ko" la logidramu litangulie na tumbo lifuate.

Kila tabaka likipigwa peke yake liko sawa kabisa. Zikipigwa pamoja, F inabaki "ko" tupu bila tumbo. G ni nyembamba. A flati afadhali kidogo. C na E flati zinajaa hadi meza inatikisika. Nimeongeza sabu dB 3, C ikaanza kuvuma kupita kiasi na F haikurudi. Nimeinua 45 Hz kwa dB 6 kwenye chaneli ya pamoja, masta (mita ya sauti ya mwisho) ikagonga nyekundu na F bado.

Nikaweka Serum, sintesaiza nyingine, badala ya 3xOsc, wimbi lilelile la saini. Sasa tatizo halifuati noti tena: F ya kwanza nene, ya pili nyembamba, ya tatu katikati, na nikirudia kupiga kutoka mwanzo mpangilio wenyewe umebadilika.

Naomba kujua kinachotokea hapa na hatua za kurekebisha. Sitaki kuendelea kubahatisha kwa ekwalaiza.

---

fundi_mawimbi

Mkuu, jibu limo ndani ya maelezo yako: zile tiki mbili.

Kama hukubadilisha mipangilio, FL inaigawa biti moja (pigo moja la tempo) katika tiki 96. Kwa 112 BPM biti moja ni milisekunde (ms) 535.7, kwa hiyo tiki moja ni ms 5.58 na tiki mbili ni ms 11.16. Kwa hi-hati hicho ni kitu kidogo. Kwa sabu ni nusu ya wimbi. F yako ya chini ni 43.65 Hz, wimbi lake moja linachukua ms 22.9. Ukilichelewesha ms 11.16, tabaka moja linaisukuma koni ya spika mbele wakati lile jingine linaivuta nyuma. Spika ni moja, inabaki imesimama.

Fuata hesabu noti kwa noti. Nachukulia matabaka yana nguvu sawa kule chini na yangekuwa kwenye fezi moja (mahali pamoja kwenye mzunguko wa wimbi) kama yangeanza pamoja:

F, 43.65 Hz: tofauti ya fezi nyuzi 175 (mzunguko mzima ni 360), jumla iko dB 22 chini ya tabaka moja likiwa peke yake
G, 49.00 Hz: nyuzi 197, dB 10.6 chini
A flati, 51.91 Hz: nyuzi 209, dB 6 chini
C, 65.41 Hz: nyuzi 263, dB 2.4 juu
E flati, 77.78 Hz: nyuzi 312, dB 5.3 juu

Matabaka yakikaa sawasawa kila noti inapaswa kuwa dB 6 juu. Linganisha orodha hiyo na ulichoandika wewe, ni kilekile. Ndiyo maana ekwalaiza haikusaidia: unainua mabaki ya mawimbi mawili yaliyokwisha kuuana. Kuongeza sabu nako kunaacha F ikiwa bado chini ya tabaka moja huku C, ambayo haikuwa na shida, ikizidi.

Rudisha noti za sabu kwenye mstari uleule wa noti za logidramu. Kisha lile lengo lako la "ko" kutangulia, lifanye kwa ataki ya sabu, ms 10 hivi. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili. Kusogeza noti kunasogeza wimbi zima. Ataki hailisogezi wimbi: linaanza palepale na fezi yake ileile, ila ukubwa wake unapanda taratibu. Unapata nafasi ya "ko" bila kulipa gharama ya fezi. Ms 8 hadi 12 zinatosha. Ukivuka ms 25, sikio linaanza kusikia mapigo mawili.

Usidanganyike na kitufe cha kugeuza polariti (kupindua wimbi juu chini) kama dawa. Ukikibonyeza kwa ucheleweshaji huo wa ms 11.16, F ya 43.65 Hz itarudi kwa kishindo na utafikiri umemaliza. Piga F ya oktavu ya juu, 87.31 Hz: ilikuwa nyuzi 351, karibu sawa kabisa, sasa umeiua. Ucheleweshaji unatibiwa kwa muda. Polariti ni ya tabaka lililopinduliwa tangu mwanzo.

Serum ni ugonjwa mwingine. Angalia kitasa cha RAND kwenye osileta. Kikiwa juu, kila noti inaanzia sehemu ya wimbi isiyotabirika, kwa hiyo kila pigo la sabu linakutana na logidramu kwa fezi tofauti. Kishushe hadi sifuri na kitasa cha PHASE kiache mahali pamoja. Uzuri wa RAND uko kwenye pedi na sauti pana za juu. Kwenye sabu ni hasara tupu. 3xOsc nayo ina kitasa chake cha kubahatisha fezi, hakikisha kiko sifuri.

Ukishafanya hivyo, pima namna hii: zima kila kitu isipokuwa matabaka hayo mawili, weka Wave Candy (kionyeshi cha wimbi na mita cha FL) kwenye chaneli ya pamoja, piga F moja ndefu ya biti mbili, soma mita. Bonyeza polariti ya tabaka moja, soma tena. Hali yenye namba kubwa ndiyo sahihi. Rudia kwa noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ya besi yako. Kama noti moja inataka polariti hii na nyingine inataka ile, bado kuna ucheleweshaji mahali, endelea kuutafuta.

---

dada_miksa

Nakubaliana na fundi. Naongeza chanzo kingine ambacho kiko kila mahali huku kwetu: pakiti za sampo zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Nyingi zilikuwa WAV, mtu akazigeuza MP3 zisile bando, mwingine akazirudisha WAV. Jina linasema WAV ila ndani kuna ukimya wa MP3 mwanzoni. Enkoda ya LAME (programu ya kutengeneza MP3) inaongeza sampuli (vipande vidogo vya sauti) 576, na dikoda inayoifungua huweza kuongeza 529, jumla 1,105. Kwa 44,100 kwa sekunde hiyo ni ms 25. Programu nyingine zinaukata ukimya huo, nyingine zinauacha.

Fungua sampo kwenye Edison, kihariri cha sauti cha FL, vuta karibu mpaka uone mstari wenyewe, kata kila kilicho kabla ya wimbi kuanza, kata pale linapopita sifuri. Usikate katikati ya mlima, utapata "tk" kila pigo.

Na tafadhali, mkituma sampo kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti, faili lifike lilivyo.

---

fundi_mawimbi

Dada yuko sahihi kuhusu ukimya huo, lakini kwa kesi hii siyo wenyewe, na kuna njia ya kujua bila hata kufungua faili. Sampla ikipandisha noti inaicheza sampo haraka zaidi, kwa hiyo ukimya wa mwanzoni nao unafupika. Ukimya wa ms 10 kwenye F unakuwa ms 6.7 kwenye C, na mzunguko wa wimbi la C nao ni mfupi kwa kiwango hichohicho. Uwiano haubadiliki: fezi inabaki ileile kwa kila noti.

Kwa hiyo dalili zinajitenga zenyewe. Besi ikiwa nyembamba kwa noti zote sawasawa, tafuta ukimya ndani ya sampo au polariti iliyogeuka. Ikiwa baadhi ya noti zinakufa na nyingine zinavuma, na ni zilezile kila mara, kuna ucheleweshaji usiobadilika nje ya sampla: noti zilizosogezwa, plagini inayochelewesha, kitasa cha kuchelewesha kwenye chaneli. Ikibadilika kila pigo, ni fezi ya kubahatisha kwenye sintesaiza.

Hiyo ya plagini isipuuzwe. Limita inayotazama mbele, ekwalaiza ya fezi nyoofu, baadhi ya plagini za saturesheni (upotoshaji mdogo wa kuongeza unene) zenye ovasampling: zote zinachelewesha. FL hufidia yenyewe kama fidia imewashwa na kama plagini imetaja ucheleweshaji wake kwa ukweli. Njia salama ni kutoweka plagini ya aina hiyo kwenye tabaka moja peke yake. Yaunganishe matabaka kwanza, kisha chochote kizito kikae kwenye chaneli ya pamoja, kichelewe kwa wote sawa.

---

Besi_Mbagala

Asanteni sana. Nimerudisha noti, ataki ya sabu nimeweka ms 10. F imerudi na mita inasoma tofauti ya chini ya dB 1 kati ya F na C. Serum na RAND sifuri pia imetulia, kila pigo sawa.

Maswali yaliyobaki. Kwanza, logidramu niikate chini wapi na kwa mteremko gani? Nilikuwa nimeiacha nzima. Pili, noti zinapofuatana kwa karibu, F kwenda G, kuna mtetemo kama mtu anatikisa kitasa cha sauti. Tatu, kiki (ngoma nzito ya mdundo) ikigongana na besi.

---

dada_miksa

Naanza na kukata, kwa sababu hapo ndipo mnapoamua nani anamiliki chini. Matabaka mawili yakimiliki 40 hadi 80 Hz kwa pamoja unategemea fezi iwe nzuri milele, na itaharibika siku utakapobadilisha sampo. Mpe mmoja. Kwa kawaida ni sabu, kwa kuwa saini haibadiliki kutoka noti hadi noti.

Noti yako ya juu ni E flati, 77.78 Hz. Weka filta ya kukata chini kwenye logidramu kwa 120 Hz, mteremko wa dB 24 kwa oktavu. Nimechagua 120 na siyo 95 kwa sababu hii: ukikata kwa 95 Hz, kwenye F logidramu inashuka zaidi ya dB 24 na haiwezi tena kuidhuru sabu, ila kwenye E flati inashuka dB 8 tu hivi. Fezi ikiwa mbaya kabisa, hiyo inatosha kukuondolea dB 4 hadi 5 kwenye noti hiyo peke yake. Kwa 120 Hz, E flati ya logidramu iko dB 15 chini, na hasara mbaya kabisa haifiki dB 2. Kanuni ya kazi: mpaka ukae juu ya noti ya juu kabisa ya sabu, angalau nusu oktavu.

Kumbuka pia kwamba filta zenyewe zinazungusha fezi. Ile ya dB 12 kwa oktavu inazungusha nyuzi 90 pale inapokatia, ya dB 24 inazungusha nyuzi 180. Ukikata logidramu chini na sabu juu mahali pamoja, zote kwa dB 12, zinaachana nyuzi 180 na panatokea shimo hapohapo mpakani. Geuza polariti ya moja, linafungika. Zote zikiwa dB 24, zinaachana mzunguko mzima, yaani zinarudi kukaa pamoja. Kwa hiyo chagua dB 24 pande zote uache kuhangaika.

Baada ya kukata utaona kitu kimepungua kifuani. Ni kweli. Saini ya F haina chochote juu ya 43.65 Hz, logidramu sasa inaanzia 120, katikati pametupu. Hapo usiishushe filta tena. Ipe sabu saturesheni kidogo. Saturesheni inayokandamiza pande mbili za wimbi sawasawa inazaa mara tatu na mara tano: 131 na 218 Hz. Isiyo sawa pande mbili inazaa na mara mbili pia: 87 Hz, na hiyo ndiyo inayojaza lile pengo. Anza na kiasi ambacho 87 Hz inaonekana kwenye Wave Candy dB 15 hadi 20 chini ya 43. Kwenye simu, ambapo 43 Hz haitoki kabisa, ni hizi za juu zinazolifanya sikio litambue noti ya F.

Na sabu iwe mono. Kila kitu chini ya 120 Hz kiwe katikati: hakuna korasi wala yunisoni (athari za kupanua sauti), hakuna kitu kinachotofautisha kushoto na kulia. Ukiipanua kwenye hedifoni itapendeza, ikifika ukumbini ambako sabwufa zimeungwa mono, kushoto na kulia zinakutana na kulana kama ulivyoona hapo juu.

---

fundi_mawimbi

Mtetemo wa F kwenda G: rilisi (muda wa sauti kufifia noti ikiachiwa) ya sabu ni ndefu, F haijaisha G imeshaingia. 49.00 kutoa 43.65 ni 5.35, kwa hiyo sauti inapanda na kushuka mara tano na kidogo kwa sekunde. Chaneli ya sabu iweke mono, sauti moja kwa wakati mmoja, na rilisi ms 30 hadi 40. Usiikate hadi sifuri. Wimbi likikatwa ghafla katikati ya mlima linatoa "tk". Kwenye sampla ya logidramu weka ijikate yenyewe noti mpya inapoingia.

Halafu kagua urefu wa noti. Logidramu inafifia yenyewe hata ukiishikilia, sabu haifi mpaka uiachie. Noti ya sabu ikibaki ndefu kama ulivyoinakili, utakuta "ko" lilikwisha zamani na sabu inaendelea kubrumu peke yake, na mdundo unapoteza ule mruko wake. Kuna njia mbili. Fupisha noti za sabu kwa mkono hadi zilingane na mkia wa logidramu, au shusha sasteini (kiwango cha sauti noti ikishikiliwa) ya sabu hadi sifuri na uweke dikei (muda wa kushuka) ms 350 hadi 450. Mimi napendelea dikei, maana noti zote zinapata umbo moja na huhitaji kugusa piano roll tena. Noti ndefu za makusudi, zile za mwisho wa duru, zipe chaneli yake nyingine ya sabu.

Kiki: amapiano ina nafasi ya kutosha, kiki hadi kiki ni ms 536, na logidramu nyingi zinaangukia katikati ya kiki. Zinapogongana, bonyeza sabu kwa saidicheni kutoka kwenye kiki (kompresa inayoishusha sabu kila kiki inapogonga): ataki ms 1 hadi 3, rilisi ms 90 hadi 120, ishuke dB 4 hadi 6. Logidramu iache, umeshaikata chini, haina ugomvi na kiki. Angalizo moja: rilisi ikiwa fupi kuliko wimbi moja la sabu, yaani chini ya ms 23 kwa F, kompresa inaanza kufuata mlima na bonde la wimbi la kiki na sabu inatoka ikikwaruza. Ukisikia mkwaruzo pale kiki inapogonga, ongeza rilisi kabla hujalaumu spika.

---

Biti220

Salamu wakuu. Huku kwenye singeli hizi namba zinabadilika sana, naziweka kwa wanaokuja kusoma baadaye.

Kwa 220 BPM, robo ya biti ni ms 68. F ya 43.65 Hz inapata mawimbi matatu tu ndani ya noti ya urefu huo. Sikio halipati muda wa kushika noti, linasikia "bup" isiyo na jina. Ukiweka ataki ya ms 10 na rilisi ya ms 30 kama mlivyosema hapo juu, zaidi ya nusu ya noti imekwenda kwenye kupanda na kushuka. Kwa hiyo kwenye singeli msirundike sabu chini ya besi ya mbio. Pandisha besi oktavu moja, F ya 87 Hz, upate mawimbi sita. Ataki ms 1 au 2, rilisi ms 8 hadi 10. Tabaka moja, wimbi la pembetatu au saini yenye saturesheni, na filta ya kukata chini kwa 50 Hz. Chini ya hapo iachie kiki. Sabu ya kweli iweke pale noti inaposimama angalau nusu biti, ms 136.

Kingine, tiki si muda. Tiki mbili kwa 112 BPM ni ms 11.16, kwa 220 BPM ni ms 5.7. Mtu akichelewesha tabaka kwa tiki, kisha akapandisha tempo ili MC aende mbio, besi inabadilika unene bila yeye kugusa kitu chochote. Kama lazima ucheleweshe, tumia kitu kinachohesabu ms.

Na swali kwa Mbagala: swingi (kuchelewesha kidogo mapigo ya katikati) umeiweka wapi? Kama logidramu ina swingi na sabu haina, rudi mwanzo. Kwa 112 BPM, swingi ya asilimia 54 inachelewesha kila robo ya pili ya biti kwa ms 10.7. Asilimia 58 ni ms 21.4. Utakuta mapigo yaliyo kwenye mstari ni mazito na yale ya katikati ni mepesi, F hiyohiyo. Kila chaneli ina kitasa chake cha kiasi cha swingi, hakikisha matabaka yote mawili yana kiasi kimoja.

---

Besi_Mbagala

Biti220, umenikamata. Swingi ilikuwa kwenye logidramu tu. Nilidhani mapigo ya katikati ni mepesi kwa sababu ya velositi (nguvu ya kupiga noti).

La mwisho: kuteleza. Nataka logidramu iteleze kutoka C kushuka F mwishoni mwa duru ya nne. Nikifanya hivyo, sabu inafika F kabla ya logidramu na katikati ya safari panakuwa na mngurumo mbaya.

---

fundi_mawimbi

Matabaka mawili yakiteleza kwa mwendo tofauti, kwa muda wote wa safari unapiga noti mbili zisizopatana, na tofauti yake inabadilika kila wakati, ndiyo huo mngurumo. Kitu cha kwanza cha kukagua ni upeo wa kupinda noti: sintesaiza nyingi huja na upeo wa nusutoni 2, na ukiiambia ishuke nusutoni 7 inaishia njiani. Weka 12 kwa zote mbili. Cha pili ni muda wa kuteleza uwe mmoja, ms 80 kwa mfano, na umbo la mteremko liwe moja. Sintesaiza moja ikishuka kwa mstari nyoofu na nyingine kwa mkunjo, hazitakutana hata kama zimeanza na kuisha pamoja.

Kwa kuwa lako moja ni sampo na jingine ni sintesaiza, njia iliyo salama zaidi ni kuyafanya kuwa sauti moja kabla ya kuteleza:

Tengeneza noti moja ya F, sekunde mbili, matabaka yote yakiwa yamekatwa, yamesaturishwa na kupimwa kama tulivyoeleza. Saidicheni izimwe. Chaneli ya pamoja ifikie kilele cha dB 6 chini ya sifuri. Irekodi kwenye Edison, kata mwanzo pale wimbi linapopita sifuri, mwisho upe mfifio wa ms 20, hifadhi WAV ya 24-bit. Ipakie kwenye sampla mpya na noti ya msingi iwe F. Sasa kuteleza kunafanywa na sampla moja, tabaka la juu na la chini vinashuka kwa pamoja, na fezi kati yao imefungwa humohumo ndani ya faili, inapanda na kushuka nazo.

Kuna bei yake. Noti ikipanda inafupika: C iliyo nusutoni 7 juu ya F inakwisha kwa theluthi mbili ya muda. Na mpaka wa 120 Hz uliouweka unapanda nayo hadi 180. Kwa hiyo rekodi mbili, moja ya F na moja ya C, na kila moja usiinyooshe zaidi ya nusutoni 4 au 5 kwa mapigo ya kawaida. Ile ya C itumie kwa kuteleza, maana inashuka na kurefuka badala ya kufupika.

---

dada_miksa

Kabla hujarekodi, hakikisha sabu kweli iko 43.65 Hz na siyo oktavu nyingine. FL inaiita noti ya 65.41 Hz C3, programu nyingine zinaiita C2 au hata C1, na baadhi ya priseti (sauti zilizotayarishwa) za sintesaiza zimeshushwa oktavu ndani kwa ndani. Usiamini jina lililo kwenye kibodi. Piga F, angalia Wave Candy, mlima wa kwanza usome 43 na kitu. Ukisoma 22, spika nyingi haziwezi kuitoa, ila mita inaihesabu na masta inajaa bila mtu kusikia chochote.